Klachi Mpya ya Obdulia

Siku ya nne tangu nimkabidhi ufunguo
Obdulia amerudi, hajazima injini.
Mvua ya Mieres inapiga bati la gereji,
naye anainua kidole: "Ngoja. Sikiliza."
Nasikia mvua.
"Si hiyo. Iliyo chini yake."

Gari lake ni Renault ya miaka thelathini na mitano,
linanuka maziwa ya mbuzi na nyasi kavu,
linashusha jibini kutoka mlimani kila Alhamisi.
Nilishusha giaboksi kwa mikono yangu,
nikafunga pleti mpya, beringi mpya,
nikaandika risiti kwa mwandiko wa mtu asiye na wasiwasi.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

"Inaliaje?"
Wateja wengine husema krrr, husema fyuu,
wengine hupiga dashibodi kwa ngumi.
Yeye anafikiri kwanza.
"Kama mbuzi mwenye homa anayesaga meno.
Na juu yake, kama mlango wa mtu anayetoka usiku kwa siri."
Sauti mbili, basi. Naandika kiganjani: mbili.

Nakaa kwenye kiti chake. Gia huru, mguu mbali na pedali:
saga, saga, saga.
Nakanyaga: kimya.
Naachia: imerudi,
kama mgeni aliyesahau kofia.
Hiyo naijua. Ni beringi ya shafti, ndani ya giaboksi,
inazeeka tangu mimi sijaota ndevu;
klachi ya zamani ilikuwa na makelele yake, ikaifunika.
Tulipomnyamazisha mpiga kelele
akasikika aliyekuwa akinong'ona nyuma yake.

Namweleza Obdulia. Anaitikia kwa kichwa, polepole.
"Mume wangu alipofariki," anasema,
"ndipo nilipoisikia saa ya ukutani."
Nel, mwanagenzi wangu, anainamia sanduku la spana
kana kwamba kuna kitu anatafuta.

Lakini hiyo ni moja.
Nakanyaga tena, taratibu, robo ya njia,
pale mguu unapokutana na uzito:
kwiiik.
Tena. Kwiiik.
Nel ananitazama. Simtazami.

Babu yangu alifanya kazi chini ya mlima huu huu
kabla mgodi haujafungwa.
Alitaka nguzo za msonobari, si nyingine,
kwa sababu msonobari hulia kabla ya kuvunjika.
"Mti usiolia," alikuwa akisema, "ndio unaoua."
Alinifundisha kusikiliza ngazi, meza, kitanda.
Hakunifundisha la kufanya
kinacholia kinapotaja jina lako.

Maana naukumbuka usiku ule:
saa mbili kasoro, kopo la grisi wazi,
kijiti kimeshachovywa, uma wa klachi mkononi,
simu ikaita. Dada yangu, kutoka Gijón,
nyumba ya mama, nani anataka kuuza, nani hataki.
Niliongea nikizunguka uani hadi viatu vikalowa.
Niliporudi giaboksi lilikuwa kwenye jeki, linanisubiri,
nikalisukuma mahali pake.
Kijiti kilikuwa bado na grisi yake.
Nilikiona. Nilidhani nimemaliza.

Ningeweza kusema: vipuri vipya hulia, bibi, vitazoeana.
Neno hilo kila fundi analo mfukoni.
Limeniokoa mara mbili tatu, nakiri.

"Ile ya meno ni uzee wa gari," namwambia.
"Waweza kuivumilia mwaka, pengine miwili.
Ile ya mlango ni mimi."

Anazima injini. Mvua inabaki peke yake.
"Wewe vipi?"
"Grisi. Nilisahau. Niachie gari hadi kesho, hutalipa kitu."
"Na jibini ya kesho?"
"Nitaishusha kwa gari langu."
Anatabasamu, kidogo tu. "Lenyewe halilii?"

Nafungua mdomo, kisha naufunga.
Sijawahi kulisikiliza.